Mkemia ajibu: sumu imeshikwa na nini?

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, na karibu zote zinauliza jambo moja: kilichomo kwenye maji yangu, udongo wangu au chungu changu kitanidhuru? Mimi ni mkemia wa mazingira, na kazi yangu ni kuchunguza jinsi madini na sumu vinavyoshikana na kuachana. Kwa hiyo mtaniona nikirudia swali lilelile kila ukurasa: kimeshikwa na nini, na ni kitu gani kitakiachisha? Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Shikamoo Daktari. Tunakaa Maji ya Chai, Arumeru. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi, ni meupe, matamu, na sabuni inatoa povu mara moja. Lakini mtoto wangu wa miaka minane ameota meno yenye mabaka ya kahawia. Nayachemsha maji kila siku, tena kwa muda mrefu. Nifanye nini zaidi? – Mama wa watoto watatu

Marahaba, mama. Kuchemsha endelea nako kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, ila kwa mabaka hayo hakusaidii kitu. Kilichoharibu meno ya mwanao ni floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, na floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo ukichemsha muda mrefu unapata maji machache yenye floraidi nzito zaidi. Yakitokota vizuri, epua.

Hilo la povu ulilolitaja kwa kupita ni taarifa kubwa kuliko unavyodhani. Mawe ya Mlima Meru ni ya volkano, na mawe hayo pamoja na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua ikipenya ndani yake huichukua. Kwingineko maji kama hayo yangekutana na chokaa njiani. Kalisiamu ya chokaa ikikutana na floraidi hufungana nayo na kuwa jiwe liitwalo floraiti, na jiwe hilo hubaki chini ya ardhi. Huku kwetu maji yana magadi mengi na kalisiamu haba. Floraidi haipati cha kufungana nacho, inafika mpaka kwenye ndoo yako. Na kalisiamu hiyohiyo ndiyo inayozuia povu la sabuni. Sisemi povu ni kipimo. Nasema katika ukanda huu wa Bonde la Ufa, maji yanayotoa povu kirahisi yapimwe kabla ya mengine.

Nimezaliwa upande wa Ngarenanyuki, na meno yangu ya mbele yana rangi hiyohiyo ya mwanao. Tulipofika sekondari ya bweni, watoto wa huko tulitambuana kwa meno kabla ya kutajiana majina, na wenzetu waliamini hatupigi mswaki. Nakuomba sana usimkaripie mtoto kuhusu mswaki. Rangi ile haikumganda juu ya jino. Iliingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, na kazi hiyo ya kujenga meno ya mbele na ya pembeni hufanyika katika miaka minane hivi ya kwanza. Yaliyokwisha kuota hayatabadilika kwa kubadili maji, ingawa daktari wa meno anaweza kuyapunguza mabaka au kuyafunika. Wanaokuhitaji sasa ni wadogo zake. Na mambo hayaishii kwenye meno: floraidi nyingi kwa miaka mingi huingia mifupani, na matege ya watoto na migongo inayokakamaa ya wazee katika baadhi ya vijiji vyetu yana uhusiano na maji hayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa hoja kwamba vijiji vingi vingekosa chanzo chochote cha maji kama kiwango kingebanwa. Leo kiwango chetu nacho ni 1.5, na nafurahi, maana meno ya mtoto wa Arumeru hayana uvumilivu zaidi ya meno ya mtoto wa mahali pengine.

Jambo la kufanya kwanza ni kupima chanzo chako, maana chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikawa salama na ya pili ikazidi kiwango mara kadhaa, kutegemea maji yamepita kwenye mwamba gani na yamekaa humo muda gani. Usiridhike na jibu la jumla kwamba "maji ya huku yana floraidi". Chukua chupa ya plastiki, si ya kioo, isuuze kwa maji yaleyale ya chemchemi, ijaze, andika mahali na tarehe, uipeleke maabara ya maji. Kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, si mbali na kwako.

La pili ni paa lako. Maji ya mvua hayajagusa mwamba, kwa hiyo floraidi yake ni kidogo mno. Kama tangi ni dogo, usiyamwage kwenye kufulia. Yaweke kwa ajili ya kunywa, uji na chakula, hasa cha wale wadogo. Kuoga na kufua kwa maji ya chemchemi hakuna tatizo, kwani kinachodhuru ni kile kinachomezwa.

Assalaam alaykum. Kuna mtu anauza machujio ya mkaa wa mifupa hapa Usa River, anasema yanaondoa floraidi. Yanafanya kazi kweli? Na sisi Waislamu tutajuaje ni mifupa ya mnyama gani? – Baba wa familia, Usa River

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Yanafanya kazi, tena vizuri, mradi mifupa imechomwa sawasawa na punje zinabadilishwa kwa wakati. Njia hii imetumika miaka mingi Ngurdoto, na upande wa Kenya mpango wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru umeifanyia kazi kubwa.

Mfupa mkavu, ukiondoa nyama, mafuta na uboho, sehemu yake kubwa ni madini yaitwayo apataiti, yaliyojengwa kwa kalisiamu na fosfeti. Ndani ya jengo hilo kuna nafasi zilizokaliwa na haidroksidi (chembe za oksijeni na haidrojeni zilizoungana), na floraidi ina ukubwa na chaji inayokaribiana nayo sana. Maji yakipita, floraidi inaingia kwenye nafasi zile na haidroksidi inatoka. Ikishaingia inakaa imara kuliko aliyetangulia. Jambo hilohilo ndilo linalotokea ndani ya mtoto anayekunywa maji ya chemchemi ile. Chujio linaifanya kazi hiyo nje ya mwili, kwenye mfupa wa ng'ombe, ili mfupa wa mtoto usiifanye.

Kabla ya kununua, omba ushike punje mkononi. Mfupa uliochomwa vizuri, kwenye nyuzi kati ya 400 na 600 hivi na kwa hewa kidogo, ni mweusi, mgumu na hauna harufu. Ukiuona wa kahawia na unanuka, mafuta hayajaisha na maji yatakuwa na ladha mbaya hata watoto wayakatae. Ukiuona mweupe kama chaki, moto na hewa vimezidi, na uwezo wake wa kushika floraidi umepungua. Zisugue punje kwenye kitambaa cheupe, uone vumbi linalotoka. Zioshwe mpaka maji yawe maangavu.

Sasa swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi. Nafasi zile ndani ya mfupa zina mwisho. Zikijaa, maji yanapita na floraidi yake yote, na hutajua, kwa sababu rangi ni ileile na ladha ni ileile. Muulize muuzaji: maji *yanayotoka* kwenye chujio hili yalipimwa lini, na utarudi lini kupima tena? Asiyeweza kujibu hilo anakuuzia ndoo tu. Chujio la nyumbani hujaa mapema au kuchelewa kutegemea floraidi ya maji yako na ndoo mnazotumia, ndiyo maana siwezi kukupa idadi ya miezi hapa.

Kuhusu mnyama, mifupa mingi hutoka kwenye machinjio ya ng'ombe, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha inakotoka. Mtake aseme kwa maandishi. Hukumu ya dini muulize sheikh wako, mimi si mahali pangu. Kwa upande wa kemia naweza kukuhakikishia kwamba baada ya moto sahihi hakibaki nyama, mafuta wala uboho. Yanabaki madini na kaboni.

Naomba kuuliza kifupi: magadi kwenye makande yana madhara? – Bibi wa Moshi

Shikamoo bibi. Yanaweza kuwa nayo. Magadi hulainisha maharage upesi kwa sababu yanabadilisha hali ya maji na kuidhoofisha gundi inayoshikanisha ganda na nyama ya haragwe. Tatizo ni kwamba magadi, hasa yale ya kukwangua ardhini, huwa yamekauka pamoja na floraidi. Kiasi hutofautiana sana kati ya fungu na fungu. Chukua magadi yenye miligramu 1,000 za floraidi kwa kilo, kitu ambacho si cha ajabu: kijiko cha gramu 5 kinatia miligramu 5 chunguni, sawa na lita tatu na zaidi za maji yaliyo kwenye kikomo. Watafiti wamekuta watoto wenye mabaka ya meno hata katika vijiji ambavyo maji yake hayana shida, na magadi yakatajwa kuwa sababu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Ukiona moto unakula kuni mno, weka kidogo soda ya kuokea mikate ya dukani.

Habari mama. Mimi ni mchimbaji mdogo, Nyarugusu, Geita. Mwaloni kwetu (tunaposagia na kuosha mawe) tunakamata dhahabu kwa zebaki na jioni tunachoma. Marudio (mchanga uliobaki) tunawauzia wenye vati (matangi ya sayanaidi). Mke wangu amelima mchicha kando ya rundo la marudio, majirani wanasema una sumu. Wengine wanasema zebaki ni nzito, inazama na kutulia, haina neno. Nani mkweli?

Kaka, wote wamegusa ukweli, lakini hakuna aliyeanzia mahali penyewe. Hatari kubwa kuliko zote kwenye barua yako iko kwenye sentensi fupi, "jioni tunachoma".

Unajua kazi yako kuliko mimi, ila niiseme kwa ajili ya wasomaji wengine. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, kinachobaki kinatiwa karaini na zebaki kisha kinasuguliwa kwa mkono. Zebaki inaikamata dhahabu. Mchanganyiko unakamuliwa kwenye kitambaa mpaka kipatikane kidonge cha rangi ya fedha, kinawekwa juu ya moto, na baada ya dakika chache kinabadilika kuwa njano. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Kwa hiyo karibu zebaki yote iliyokuwa kwenye kidonge imepanda hewani, na sehemu yake iko kwenye mapafu ya aliyeinama juu ya jiko. Mvuke ule hauna harufu wala rangi. Mapafu hupokea sehemu yake kubwa, damu inaupeleka kwenye ubongo na figo. Kutetemeka mikono, usingizi kupotea, hasira zisizo na sababu na kusahausahau ni dalili ambazo wachomaji wengi huzihusisha na uchovu au pombe.

Nakusihi mambo mawili, na leo ikiwezekana. Usichomee ndani ya nyumba wala kwenye jiko la kupikia, na mtoto au mama mjamzito asiwe karibu kabisa. Na tumieni retorti. Ni chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linalopita kwenye maji baridi. Mvuke unageuka kuwa zebaki tena na kudondoka kwenye kikombe. Inarudisha sehemu kubwa ya zebaki uliyoinunua kwa fedha yako. Najua malalamiko: mnataka kuiona dhahabu ikigeuka rangi mbele ya wote, asije mtu akashuku mwenzake. Basi kaeni wote mbele ya retorti mpaka ipoe, ifunguliwe mbele ya macho ya wote.

Sasa udongo. Ni kweli zebaki ni nzito na matone yake hukaa chini ya rundo. Taratibu hubadilika, na huo udongo mwekundu wa Geita unaishika, kwa sababu wekundu wake ni oksaidi za chuma na zebaki hung'ang'ania juu ya chembe zake na kwenye mboji. Kushikwa huko ni bahati njema, lakini hakudumu katika hali mbili. Ya kwanza ni mvua, ambayo haiitoi zebaki kwenye chembe bali inaibeba pamoja na chembe yenyewe mpaka mtoni na kwenye majaruba. Huko kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye samaki na kuongezeka kadiri mkubwa anavyomla mdogo. Ndiyo iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako mgonjwa wa kwanza aliripotiwa rasmi mwaka 1956, na jina la mji huo limepewa mkataba wa kimataifa wa zebaki wa mwaka 2013 ambao Tanzania nayo imeuridhia. Tafiti zilizochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Victoria mara nyingi zimekuta zebaki chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Nalisema hilo kwa uwazi ili watu wasiogope sato na dagaa bure, na pia ili tuone tuna kitu kizuri ambacho bado kinaweza kulindwa.

Hali ya pili ni hiyo vati. Sayanaidi inawekwa ili iyeyushe dhahabu iliyobaki, lakini haichagui: inaikamata hata zebaki na kuiyeyusha majini. Kitu ambacho udongo ulikuwa umekishika kwa miaka, sasa kinasafiri na maji yoyote yanayovuja. Kumwaga sayanaidi juu ya marudio yenye zebaki ni moja ya mambo ambayo mkataba ule unataka yakomeshwe. Kama mna uongozi wa wachimbaji hapo mwaloni, hili ndilo ningelipeleka kikaoni kabla ya lingine lolote.

Na mchicha wa shemeji. Mizizi huchukua zebaki kidogo tu kutoka udongoni. Majani ndiyo huinywa kutoka hewani, na mchicha una majani mapana. Tena vumbi la marudio hulala juu yake, na marudio ya mawe ya dhahabu mara nyingi yana sumu iitwayo aseniki, ya mwamba wenyewe, hata pasipo zebaki. Kuosha kunapunguza vumbi, hakutoi kilichoingia ndani ya jani. Mwambie ahamishe bustani upande ambao upepo wa sehemu ya kuchomea hauelekei, mbali na rundo na juu ya mkondo wa maji yake. Mchicha uliopo sasa usiuzwe.

Mimi niko kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), Mwanza. Mkemia wa mazingira anafanya nini hasa siku nzima? Ni kupima tu sumu?

Mwanangu, kupima kiasi ni robo ya kazi. Chukua udongo kama wa kaka wa Nyarugusu. Mashine inaweza kuniambia una zebaki au madini ya risasi kiasi gani, lakini namba hiyo peke yake hainiambii kama kuku anayedonoa pale atadhurika. Kwa hiyo ninapima gramu moja ya udongo uliokauka, naiweka kwenye chupa ndogo na maji safi, naitikisa kwa saa kadhaa kwenye mashine ya kutikisia, nachuja na kupima kilichotoka. Kisha udongo uleule nautia asidi hafifu ya siki, nachuja tena. Kisha kemikali inayoyeyusha oksaidi za chuma. Kisha ile inayounguza mboji. Mwisho asidi kali kabisa, mpaka jiwe lenyewe liachie. Kila chupa inaniambia ni kiasi gani kilishikwa na nani. Kilichotoka kwa maji matupu ni hatari leo. Kilichotoka kwa asidi kali ya mwisho kinaweza kukaa humo karne nyingi.

Sehemu kubwa ya siku ni kuosha vyombo. Chupa hulala kwenye asidi usiku kucha, maana ukitafuta mikrogramu, uchafu wa jana ni uongo wa leo. Kama una subira hiyo na unaipenda kemia ya maji na mawe, njoo. Soma kemia kwa bidii, usiiache jiografia ya udongo na miamba, na jifunze kuandika daftari ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma.

Dada, niko Mombasa. Uani kwetu kulikuwa na mafundi wakifungua betri za gari na kuyeyusha risasi. Wameshahama, na baba mwenye nyumba anasema mvua za masika zitausafisha mchanga. Watoto wanacheza hapo. Nimwamini?

Usimwamini, dadangu. Zebaki tumeona inavyosafiri. Risasi ina tabia tofauti. Ikianguka udongoni inashikwa na chembe za chuma, kabonati na mboji, nayo hukaa kwenye sentimita chache za juu miaka na miaka. Mvua haiishushi. Jambo hilo laweza kuonekana zuri kwa sababu haifiki kisimani upesi, lakini hapo juu ndipo mtoto anapocheza, anapolamba vidole na kuokota embe lililoanguka. Ndani ya tumbo lake kuna asidi, na asidi hiyo inaachisha kile ambacho mvua imeshindwa kukiachisha. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inagusa akili, usikivu na ukuaji.

Huko kwenu mnalijua hili kuliko wengi. Mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, baada ya mapambano ya miaka mingi yaliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido. Kesi ikaendelea mahakama za juu.

Wapeleke watoto wakapimwe damu, na utaje risasi kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida cha damu hakiionyeshi. Wazuie kucheza hapo tangu leo. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Viatu vibaki mlangoni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kuku wasidonoe hapo. Udongo wa juu unapaswa kuondolewa na watu wenye vifaa, au ufunikwe kwa udongo safi wa kina cha kutosha au saruji. Gharama hiyo ni ya mwenye nyumba, mkumbushe kwa maandishi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda sana kwa sababu inarudi kwenye apataiti ileile ya mifupa. Risasi ikikutana na fosfeti hugeuka kuwa jiwe liitwalo pairomofaiti, gumu kuyeyuka hivi kwamba hata asidi ya tumbo inapata tabu nalo. Huko Oakland, California, shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilichanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye udongo wa mtaa mmoja wenye risasi nyingi, kisha likaufunika. Usijaribu mwenyewe kwa kumwaga mbolea ya fosfeti, maana kama hapo kuna aseniki, fosfeti itaisukuma itoke mahali iliposhikwa. Udongo upimwe vyote viwili kwanza.

Kisima chetu Mkuranga kinatoa maji meupe, lakini yakikaa ndoo usiku mmoja yanakuwa mekundu. Ni sumu?

Ni chuma. Chini ardhini hakuna hewa, chuma kinakuwa kimeyeyuka na hakionekani. Kikipata hewa kinageuka kutu. Kinaharibu ladha, nguo nyeupe na masufuria, lakini hakiko kwenye orodha yangu ya sumu. Yamimine maji kutoka juu, ndoo kwa ndoo, ili yapate hewa, yaache yatuame mpaka asubuhi, uyapitishe kwenye chujio la mchanga. Tope jekundu la chini ulitupe, wala usilikoroge upya, kwa sababu kutu inapotuama huvuta na kushika aseniki kama ilikuwemo.

Mkondo huohuo ukienda kinyume ndiyo msiba wa Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa kwa wingi, kwa msaada wa UNICEF, ili watu waachane na maji ya madimbwi yenye vijidudu. Nia ilikuwa njema na vifo vya kuhara vilikuwa vya kweli. Lakini kwenye mashapo yale aseniki ilikuwa imeshikwa na kutu, na pale ambapo mboji ilikuwa imemaliza hewa ya ardhini, kutu iliyeyuka na aseniki ikaachiliwa. Makumi ya mamilioni ya watu waliinywa kabla haijagundulika kwa upana katika miaka ya 1990. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukihisi. Wenye visima kwenye miamba ya dhahabu, Geita na Mara, ombeni kipimo cha aseniki kwa jina.

Nina mimba ya miezi mitano na siwezi kupitisha siku bila kula pemba. Naona aibu kumwambia nesi. Ule udongo una nini? – Katoro, Geita

Mdogo wangu, usione aibu, manesi wanaijua pemba, na wengine wao wamewahi kuila. Ule ni udongo wa mfinyanzi, na tabia ya mfinyanzi ni kushika. Ukiwa tumboni unashika chuma cha chakula chako usikipate, wakati hamu yenyewe mara nyingi huja kwa mwenye upungufu wa damu. Na huko uliko kuna jambo la ziada: watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuta ndani yake aseniki na zebaki pamoja na madini mengine. Huwezi kuutambua kwa ladha, kwa rangi, wala kwa maneno ya muuzaji kwamba umetoka mbali. Kuukausha au kuuoka hakuondoi aseniki.

Ukienda kliniki wiki hii sema hivi: "Nakula udongo, naomba mnipime damu." Watakupima wingi wa damu na watakupa vidonge vya kuongeza damu, na kwa wanawake wengi hamu hupungua damu ikipanda. Vidonge hivyo usivimeze na chai, kwani chai nayo hukizuia chuma. Hamu ikikubana kabla ya hapo, tafuna kipande cha muhogo mkavu uliochomwa vizuri au barafu. Na kama una kipande cha pemba unayoinunua, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, andika kimenunuliwa wapi, umwombe afisa afya wa kituo akipeleke kikapimwe.